Niliona tundu kwenye ukingo wa jirani yangu nikapita, halafu nikasingizia mpango wa Mungu

Wakuu, za mchana.

Mimi siyo mtu wa kuanzisha nyuzi. Kazi yangu humu miaka yote ni kusoma, kugonga like na kusepa. Ila kuna mada inaendelea kule jukwaa la dini, kurasa kibao, watu wanatukanana kisa Mungu ameshapanga kila kitu au mwanadamu anajichagulia mwenyewe. Nimeisoma mwanzo mwisho. Zamani ningekuwa ndiye ninayetukana kuliko wote mle.

Sasa ngoja niwape yaliyonikuta. Chumvi sitaongeza. Tena ningekuwa na uwezo ningepunguza, maana mtu mbaya kwenye hii story ni mimi.

Mods, naomba muuache hapa hapa. Dini imo, lakini kilichojaa zaidi ni wivu.

Mimi ni mkulima wa mpunga kule Mofu, Bonde la Kilombero. Mjini kwetu ni Ifakara. Ni Mndamba wa kuzaliwa, mke mmoja, mtoto mmoja anaitwa Beni. Wazee wetu walilima kwa kumwaga mbegu kwenye tambarare. Mvua ikikubali unavuna, mto ukifurika ukasomba unakaa unasubiri mwakani.

Kanisani nilikuwa mwalimu wa darasa la Biblia, Jumatano saa kumi jioni. Niliwahi kwenda semina ya miezi mitatu Ifakara, nikarudi na daftari mbili na neno moja la Kizungu: predestination.

Aisee, lile neno nililipenda. Haikupita Jumatano bila kulitamka. Kuna mama aliliandika kwenye jalada la Biblia yake ili asilisahau.

Nilifundisha hivi: kila kitu kimeshapangwa kabla dunia haijaumbwa. Nani aokoke, nani apotee, nani avune, nani akose. Wewe ni udongo, kaa kimya.

Na niwe mkweli, fundisho lenyewe lilinifaa. Mtu ukivuna magunia manane kwenye eka mbili, halafu ukajiambia ni Mungu ndiye aliyepanga yawe manane, unalala usingizi mzuri tu.

Basi akaja Shija.

Shija ni Msukuma, alitoka kwao na mkewe, watoto wawili wadogo na baiskeli. Umri wetu unalingana. Akakodi eka mbili za Bibi Koleta, bibi mmoja mjane pale kijijini. Eka hizo zinapakana na zangu kwa upande wa juu. Juu maana yake maji yanaanza kwake ndiyo yanakuja kwangu. Shikeni hiyo point.

Yeye hakumwaga mbegu. Alichimba majaluba, yaani alikata shamba vipande vipande na kuvizungushia kingo za udongo ili maji yatulie ndani. Halafu akapandikiza miche kwa kamba, mstari kwa mstari. Nilicheka mno. Nikawaambia watu huyu jamaa anafuga samaki au analima?

Msimu ulipoisha alivuna mara tatu yangu. Kwenye ardhi ile ile, mvua ile ile, Mungu yule yule.

Mwaka uliofuata akaja mwenyewe kwangu na kamba yake. Siku mbili nzima alinifundisha kuchimba majaluba na kupandikiza, akala ugali kwangu, akaondoka. Bure kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kumchukia vizuri.

Wakuu, msinicheke. Mtu akikushinda halafu akakunyima maarifa, angalau una cha kumsema. Akikushinda halafu akakufundisha, unabaki na wivu mtupu, hauna hata pa kuuegesha.

Kila kitu chake kilinikera. Kikohozi chake. Salamu zake ndefu. Gambuti zake mpya, wakati yangu ya kulia nimeipiga kiraka cha tairi kisiginoni, kila nikikanyaga tope naacha alama ya mistari. Nikimuuliza mke wangu jambo la shamba ananijibu, "Si ukamuulize Shija?" Siku hiyo chakula hakishuki.

Sasa kuna utaratibu kule majalubani inabidi muuelewe.

Kaa wa mtoni wanatoboa kingo. Tundu la kaa likiachwa siku moja tu linapanuka, maji yote yanakimbia. Basi ukingo wa mpakani hauna mwenyewe. Atakayetangulia asubuhi akaona tundu, anaziba. Haulizi la nani. Unachota tope, unashindilia kwa kisigino, unaendelea na safari. Hakuna kuambiana asante, ni kama kumpisha mtu njiani. Kama kuna mtu kule ameshawahi kuliruka tundu kwa makusudi, mimi sijawahi kumsikia.

Jumatano moja nikawa nafundisha habari zangu zile. Shija akanyoosha mkono, kwa adabu kabisa.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Nikiliona tundu la kaa nikaliacha, maji yakaisha, ni Mungu ndiye hakuziba au ni mimi?"

Darasa lilicheka mpaka mama wa predestination akafuta machozi kwa kanga.

Nilijibu kitu, hata sikumbuki nini. Nikataja moyo mgumu wa Farao, nikataja mfinyanzi na udongo wake. Shija akaitikia, "Sawa Mwalimu, nimekusikia," akakaa. Hakuwa ananikejeli, jamaa aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Ila kuanzia siku hiyo watu wakitoka darasani wanamfuata yeye pale nje kuendelea na maongezi, mimi nakusanya daftari zangu peke yangu.

Yaani shamba kanizidi, na sasa darasa langu nalo analichukua? Wivu ulinikaa hapa kifuani kama kiazi cha moto.

Twende kwenye tukio.

Ilikuwa Februari, mvua imekata kwa muda, jua kali. Wakati kama huo mwenye maji kwenye jaluba ndiye mwenye mpunga. Ijumaa Shija akatia mbolea ya kukuzia shamba zima. Jumamosi akapigiwa simu kutoka Kidatu kwamba kaka yake aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa amefariki. Mkewe hakuwepo, alikuwa kwao anauguza mama yake na watoto alienda nao.

Akapita kwangu na begi mgongoni, macho mekundu.

"Mwalimu, nakimbilia msibani. Niangalizie maji, ndugu yangu. Mbolea ndiyo kwanza nimeitia jana."

Nikamjibu nenda kwa amani, shamba liko mikononi mwangu. Hayo ndiyo maneno niliyoyatamka.

Kitu kingine mkijue. Bibi Koleta alikuwa ameshaanza kusumbuliwa na watu wanaolitaka shamba lile. Alishamwambia Shija wazi kwamba msimu huu ukiwa mzuri anabaki, ukiharibika anampa mwingine. Mimi nilikuwepo wakati anasema. Kwa hiyo nilijua kabisa jamaa akikosa mavuno atakuwa hana pa kulima wala sababu ya kubaki Mofu.

Jumapili asubuhi kabla ya ibada nikaenda shambani.

Nikaliona. Tundu la kaa kwenye ukingo wa mpakani, upana wa ngumi, maji ya Shija yanamwagika kwangu. Yanatoka kwa sauti ndogo, kama mtu anajaza ndoo.

Nikasimama.

Wakuu, nilisimama pale muda mrefu. Tope lilikuwa pembeni ya mguu wangu. Viganja vinne vitano na kisigino, dakika moja haiishi.

Nikakumbuka darasa linavyocheka. Nikakumbuka gambuti mpya. Nikakumbuka "si ukamuulize Shija." Halafu nikasema kwa sauti, peke yangu kabisa pale shambani, "Mungu akitaka maji yabaki, yatabaki. Tuone sasa nani anaziba."

Nikapita. Nikaenda ibadani, nikaimba, nikatoa na sadaka.

Jumatatu nilizunguka upande wa pili wa shamba langu ili nisilione. Jumanne hivyo hivyo. Mtu mzima mwenye mke na mtoto naogopa kulitazama tundu!

Shija alirudi Jumatano. Alikuta majaluba yake yameanza kupasuka nyufa na tundu limekuwa njia ya kupita ng'ombe. Maji yake yote kwangu. Na mbolea aliyoitia Ijumaa imeyeyuka imefuata maji, nayo kwangu.

Akaziba. Lakini mvua haikurudi kwa wiki tatu, na jaluba likishakauka magugu yanakuja kwa fujo. Alipalilia mpaka mikono ikachubuka. Mpunga ukabaki wa njano na mfupi.

Nilimpa pole. Akaniuliza taratibu kama nilipata nafasi ya kupita ule upande wake. Nikamwambia, "Aah, homa ilinibana ndugu yangu, sikuweza kabisa kufika shambani."

Akatazama chini, sijui ndiyo kusema anatafakari. Akasema, "Pole na homa, Mwalimu."

Jumatano ya wiki iliyofuata nikafundisha kwa nguvu kuliko siku zote. Mwishoni nikamchokoza makusudi, "Ndugu Shija, leo huna swali?"

"Leo sina, Mwalimu."

Tangu siku hiyo hakuuliza tena. Mimi nikajua nimemshinda kwa hoja. Kwa kweli nilitoka pale natembea kama jogoo.

Mpunga wangu sasa! Ulikolea kijani mpaka watu wanasimama njiani kuutazama. Nilivuna ambavyo sijawahi kuvuna maisha yangu yote. Mke wangu akanipikia kuku, na habari za kumuuliza Shija zikafa zenyewe.

Ikafika Jumapili ya shukrani ya mavuno. Mchungaji akaniita mbele nitoe ushuhuda, gunia langu limewekwa pale madhabahuni. Nikashika kipaza sauti, nikasema Mungu humwinua amtakaye, hakuna mwenye kumuuliza. Watu wakapiga vigelegele. Shija alikaa benchi la tatu na mkewe, naye anapiga makofi.

Yale makofi yake ndiyo yalinitia ubaridi kidogo. Kidogo tu, nikapotezea.

Baada ya ibada Bibi Koleta akanishika mkono.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimeona Mungu alivyokushushia. Lile shamba langu lichukue wewe msimu ujao, yule Msukuma nimeshamwambia."

Hapo sasa, wakuu. Shamba lake, darasa langu, heshima yangu, vyote mkononi. Kile nilichokuwa nakitaka kwa miaka miwili kimekuja chenyewe na marahaba juu.

Nikarudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda, chakula sikigusi. Mke wangu akanitazama weee, akauliza, "Mbona hufurahi? Si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

Kumbe alikuwa anaona muda wote. Wanawake hawa jamani.

Siku tatu baadaye Shija akaja kuaga. Amepata sehemu Masagati, huko mbele ya Mlimba, anaenda kufyeka pori aanze upya. Mkononi alikuwa na ile kamba yake ya kupandikizia, ina mafundo ya uzi mwekundu ya kupimia nafasi za miche.

"Hii baki nayo, Mwalimu. Nitatengeneza nyingine. Na ukingo wa juu kaa ni wengi, uwe unatangulia mapema."

Akampapasa Beni kichwani, akaondoka na baiskeli yake.

Mimi nimebaki nimeshika kamba. Wakuu, nililia. Nililia mpaka Beni akaenda kumwita mama yake jikoni.

Nikatoka mbio, hata viatu sikuvaa. Nikamkuta kwake anafunga magodoro. Nikamwambia yote, nimesimama pale pale mlangoni. Kwamba homa sikuwa nayo. Kwamba nililiona tundu Jumapili asubuhi likiwa dogo. Kwamba nilipita, na sababu ni wivu, siyo kingine.

Shija akaendelea kufunga fundo la godoro mpaka likakaza. Kisha akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Niliporudi tope lilikuwa limeshakauka. Niliona nyayo za gambuti yako yenye kiraka. Zinakuja mpaka kwenye tundu, zinasimama. Pale uliposimama tope lilikuwa limedidimia, ulikaa sana. Halafu zinaendelea."

Miezi minne huyu mtu alikuwa anajua! Alinipigia makofi akijua. Aliniletea kamba akijua.

Nikamuuliza kwa nini hakunisema kwa mchungaji, kwa Bibi Koleta, kwa mtu yeyote.

Akajibu, "Ningekusema, ungetubu kwa kubanwa. Nilikuwa nasubiri uje kwa miguu yako. Siku zilivyokwenda nikaona hutokuja, nikaamua nihame."

Kisha akaongeza maneno ambayo sijawahi kuyatoa kichwani.

"Hasira nilikuwa nazo, Mwalimu, tena nyingi. Ila kila nikikumbuka zile nyayo zimesimama, nasema huyu hajapotea. Aliyepangiwa hasimami. Anapita tu."

Aliyepangiwa hasimami. Daftari zangu mbili na semina ya miezi mitatu, zote zilikwisha pale mlangoni.

Tukaenda wote kwa Bibi Koleta. Nikaungama. Bibi alinisema, mnisamehe siwezi kuandika yote, kwa Kindamba yalikuwa makali zaidi. Neno la mwisho aliniambia, "Shamba nilikupa nikidhani Mungu amekubariki, kumbe umejibariki mwenyewe!" Akamrudishia Shija palepale, na Masagati ikaahirishwa.

Jumatano nikasimama mbele ya darasa nikarudia yote. Hakuna aliyecheka. Nikamkabidhi mchungaji daftari zangu. Darasa sasa anafundisha mwingine, mimi nakaa benchi la nyuma.

Msimu uliofuata nusu ya shamba la Shija nilipalilia mimi. Asubuhi natangulia mapema, naziba kila tundu, yake na yangu. Tunasalimiana, tunacheka, tunakula pamoja. Mtu akituona anajua yameisha.

Lakini mwezi uliopita Shija alisafiri kwao wiki nzima. Mbolea alikuwa ametoka kuitia. Nilimwona asubuhi na begi mgongoni anakuja njia ya kwetu, nikasimama uani namsubiri, nimeshajiandaa na jibu.

Akanisalimia vizuri, akaniaga, akapita. Akaenda mpaka nyumba ya tatu kwa Mama Tumaini, yule yule wa predestination. Nikasikia kabisa anavyomwambia, "Dada, niangalizie maji."

Wakuu, nimewahi kumwonea Shija wivu wa mpunga, wa gambuti, wa darasa. Wote ule ulikuwa mchezo. Wivu nilioupata siku ile kwa Mama Tumaini sijawahi kuupata, na bado ninao mpaka ninavyoandika hapa.

Na sina wa kumlaumu. Amenisamehe kwa hiari yake, na ni kwa hiari yake vilevile hajaniomba nimwangalizie maji tena. Wiki nzima ile nilitangulia alfajiri, nikaziba matundu yote kabla Mama Tumaini hajafika. Bado hajui kwa nini hakukuta hata moja.

Nilichojifunza ni hiki. Kama unaamini Mungu ameshapanga, amini, mimi sitabishana na wewe, na elimu yangu nimeshairudisha. Ila usilitumie jina lake kulipita tundu. Utakuwa unajua, na tope nalo litajua.

Kuna kitu kimoja bado kinanisumbua, na hapa ndipo nawahitaji wale wajuzi wa kule jukwaa la dini. Siku ile nilipotoka mbio bila viatu kwenda kwa Shija, sikumbuki kuamua. Nilijikuta tu niko njiani. Ile Jumapili kwenye tundu najua fika niliamua mwenyewe. Sasa ile mbio ilikuwa ya nani, yangu au ya Mungu?

Karibuni mnijibu. Matusi pia nitapokea, nilishayazoea kwa Bibi Koleta.